Namba ya Cherehani ya Bibi

Gachoka,
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani upande wa kivuli, mguu umepunguza kuuma, na Mama amekubali kukuwekea sukari japo kijiko kimoja kwenye chai. Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha, vumbi tu ndilo halijaniacha. Mama mzima? Kisima kina maji? Yule mbuzi aliyekuwa akichechemea alipona au mlimla?

Najua utashangaa kupata barua. Simu ipo, lakini wewe na simu hamsikilizani tena. Mara ya mwisho nilipokupigia nilipaza sauti mpaka mama mwenye nyumba akaja mbio kuuliza kama nimeona nyoka, na wewe bado ulinijibu habari za mvua wakati mimi nilikuwa nimekuuliza habari za dawa. Halafu jambo lenyewe ni la hesabu. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba hesabu isiyoandikwa ni maneno tu.

Nianze na habari za huku. Mvua ilinyesha siku nne ikakata. Ndengu, ambazo sisi huko Voi tunaziita pojo, zimekauka zikiwa na maua. Maji naletewa na mzee mwenye mkokoteni wa punda, mitungi minne kwa wiki, na nimejifunza kuoga kwa maji ya kikombe kama vile nimezaliwa hapa. Kwa kweli pamefanana na kwetu: udongo mwekundu, miiba, mbuzi kila mahali, jua la kupasua kichwa. Tofauti ni muguka, majani yao ya kutafuna. Kila shamba ni muguka, na kila mwanamume ana jani mdomoni, hata darasani nimewakuta. Nyumbani wanaongea Kimbeere. Kiswahili chao ni cha shule na cha sokoni, na changu kinawachekesha. Nikisema "naomba unisogezee kiti hicho" wanatazamana.

Mwaka huu wa pili upweke umepungua. Sababu kubwa ni darasa la Jumamosi. Nadhani Mama alikuambia: baada ya saa nane mchana nafundisha watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne, ambao waliacha shule zamani kwa sababu moja au nyingine. Wako kumi na mmoja. Yuko Mama Wanja anayeuza mboga pale stendi, na yuko Mzee Ireri, mwenye bucha. Huyu Ireri ana miaka hamsini na sita. Aliacha shule akiwa darasa la saba ili achunge ng'ombe wa babake, na sasa amerudi. Anakaa dawati la mbele kabisa, magoti yamebanwa chini ya meza, na kalamu anaishika kama kisu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, Baba, na nakuomba usome polepole.

Wiki tano zilizopita nilikuwa nafundisha namba tasa. Nikawaeleza kama ulivyonieleza wewe: namba ambayo huwezi kuigawa kwa namba yoyote ikatoka bila kubakisha, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Mzee Ireri akainua mkono.

"Tasa ni ile ya kukosa watoto?"

"Ndiyo, neno ni hilo hilo."

"Hata saba? Saba ni tasa?"

"Hata saba."

Akaandika hilo kwa makini, kama mtu anayeandika jina la mgonjwa. Mama Wanja akauliza kama kuna kubwa, maana saba na kumi na moja hata mtoto anaona hazigawanyiki. Hapo nikafanya nilichokuwa nikikuona ukifanya tangu nikiwa mdogo. Niligeuka nikaandika ubaoni namba yako, bila kutazama popote: 1,022,117. Nikawaeleza ilikotoka. Kwamba imegongwa kwenye bati la chini la cherehani ya Bibi, kwamba baba yangu aliiona siku moja akiitia mafuta, akajaribu kuigawa kwa tatu ikabakisha mbili, kwa saba ikabakisha tano, kwa kumi na tatu ikabakisha tano tena, akaudhika, akaenda kuchukua daftari. Nikawaambia kwamba kwa miaka zaidi ya thelathini kila mtoto aliyepita darasani mwake aliijua namba hiyo. Na kwa vile nilikuwa nimefurahi, nikaongeza utani: atakayeigawa nitampikia pilau.

Wakacheka. Nikaendelea na somo.

Jumamosi mbili zilizopita Mzee Ireri alikuja na bahasha kubwa. Hakukaa. Alisimama mbele yangu, akatoa rundo la karatasi za kaki, zile wanazofungia nyama, zimejaa hesabu pande zote mbili, nyingine zina alama za mafuta.

"Mwalimu," akasema, "ile namba yako nimeigawa."

"Umeigawa kwa ngapi?"

"Kwa elfu moja na tisa. Imetoka yote. Hakuna kitu imebaki."

Nilitabasamu, Baba. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini nilitabasamu vile tunavyotabasamu mtoto akituletea jibu baya aliloliandika vizuri.

"Kuna mahali umekosea, Mzee Ireri."

"Pengine nimekosea. Lakini nimerudia mara tatu, mwalimu. Hii kitu inatoka ile ile kila saa."

Nikachukua chaki ili nimwonyeshe kosa lake. Jibu alilopata ni elfu moja kumi na tatu. Basi nikazidisha. Elfu moja kumi na tatu mara elfu moja ni milioni moja na elfu kumi na tatu. Elfu moja kumi na tatu mara tisa ni elfu tisa mia moja kumi na saba. Nikajumlisha. Nikasimama pale nikitazama namba ya Bibi imejiandika tena ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha Mama Wanja akauliza, si kwa ubaya, "Sasa mwalimu, ulitudanganya?"

Nikamjibu, "Sijui."

Ndilo jibu nililokuwa nalo, na mpaka leo sina lingine. Niliwaruhusu waende mapema. Nilirudi chumbani nikazidisha tena kwenye karatasi, nikatumia simu, nikazidisha kwa kuanza na namba ya pili. Kila mara ikawa ile ile. 1,009 mara 1,013. Na zote mbili ni tasa, nimezijaribu. Ni majirani kabisa, hakuna namba tasa nyingine kati yao. Yaani namba uliyosema ni tasa ina watoto wawili, wamesimama bega kwa bega.

Kilichonivuruga si kwamba mtu amekosea. Mimi nakosea kila siku. Kilichonivuruga ni kwamba nalikumbuka lile daftari. Ulinionyesha nikiwa darasa la sita. Namba tasa zimepangwa kushuka chini, mbili, tatu, tano, saba, mpaka mwisho wa ukurasa wa mwisho, na mbele ya kila moja baki lake kwa wino mwekundu. Mstari wa mwisho ni 997. Nakumbuka hata baki lake, 192, kwa sababu ulinifanya niirudie hesabu hiyo mbele yako nikalia. Na jibu lake ni 1,025.

Baba, wewe ndiye uliyenifundisha mahali pa kusimama. Nakumbuka maneno yenyewe: endelea kugawa mpaka jibu liwe dogo kuliko namba unayogawia, hapo ndipo unaweza kulaza kalamu. Kwa 997 jibu ni 1,025. Jibu bado ni kubwa. Ulikuwa hujafika. Kwa sheria yako mwenyewe ulibakiwa na namba moja tu ya kujaribu, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa na jibu. Uligawa kwa namba mia moja sitini na nane kwa mkono, bila mashine, ukaacha ya mia moja sitini na tisa.

Sikuelewa. Nilifikiri labda jedwali la namba tasa ulilokuwa ukitumia lilikomea kwenye elfu moja, nawe ukaliamini. Nikafikiri labda ulichoka. Nikafikiri labda kuna ukurasa mwingine ambao sikuuona. Nilizunguka na mawazo hayo siku tatu, nikifundisha vibaya, mpaka mwalimu mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba nyumbani.

Siku ya nne nikampigia Mama. Tafadhali usimkasirikie, mimi ndiye niliyembana. Nilimuuliza kama anakumbuka ulimaliza lini ile namba ya cherehani.

"Kumaliza?" akasema Mama. "Hakumaliza. Alikuwa amebakisha kidogo, akaenda kumwonyesha mwalimu mkuu alipofikia, na yule bwana kesho yake akasimama kwenye gwaride akawatangazia watoto kwamba Mwalimu Mwawasi amepata namba kubwa isiyogawanyika. Wakapiga makofi. Baba yako akaja nyumbani kanyamaza. Akaniambia atamalizia likizo ya Disemba."

"Na alimalizia?"

"Disemba tulijenga jiko."

Nikamuuliza kama uliwahi kuizungumzia tena. Akasema uliizungumzia kila mwaka, darasani, kwa watoto, na kwamba yeye alidhani umeshaimalizia kimya kimya siku nyingine, na kwamba ana maharagwe motoni.

Sasa ndio nimechanganyikiwa kabisa. Sijui kama ulisahau, au ulikumbuka ukaogopa kurudi. Sijui kama kila mwaka ulipoiandika ubaoni ilikuwa inakuchoma au ilikufurahisha. Nimejaribu kujiweka mahali pako: makofi yameshapigwa, mwalimu mkuu ameshasema, na imebaki namba moja. Mimi ningeijaribu? Nimejiuliza hivyo njiani kwenda shule na njiani kurudi. Siku moja nasema ndiyo. Siku ya pili sina uhakika.

Ahadi ni ahadi, kwa hiyo niliingia jikoni. Nilikwenda bucha kwa Mzee Ireri kuchukua nyama ya pilau yake, akakataa kunipimia, akasema mtu hawezi kuuza tuzo yake mwenyewe, akanikatia mguu wa mbuzi mzima. Mke wake alikuwepo, akanilalamikia kwamba mumewe amewapa wateja nyama iliyofungwa kwa karatasi za hesabu, mama mmoja alirudi kuuliza kama zile namba ni dawa.

Nilimuuliza Ireri aliwezaje.

"Wewe ulisema tugawe na hizo tasa peke yake," akasema. "Lakini mimi sikuwa najua gani ni tasa na gani sio. Nikagawa na zote. Tatu, tano, saba, tisa, kumi na moja. Zile za kugawanyika na mbili ndio niliacha."

"Mpaka elfu moja na tisa?"

"Mteja akitoka, nagawa. Mteja akiingia, nakata nyama." Akafuta kisu. "Baba yako aligawa ngapi?"

"Mia moja sitini na nane."

"Na alibakisha?"

"Moja."

Nilitarajia acheke, na ningemwelewa. Aliweka kisu chini, akasema, "Huyo mzee alifanya kazi." Kisha akasogea karibu, mke wake asisikie. "Mwalimu, ukimwambia, usiseme ni mtu wa bucha. Sema ni mwalimu mwingine aliigawa. Mzee hatasikia vibaya sana."

Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria, na kama unavyoona, nimekataa. Ni mtu wa bucha. Jina lake ni Ireri, alichunga ng'ombe wakati wenzake wako shuleni, na alipofika mahali ambapo mtu yeyote angelaza kalamu, hakuilaza. Nilidhani ungependa kumjua.

Pilau ililiwa jana Jumamosi chini ya dirisha la darasa. Nilisimama nikawaambia wote kwamba sikuwadanganya kwa kusudi, kwamba nilirudia nilichoambiwa na mtu ninayempenda bila kukijaribu mwenyewe hata mara moja, na mimi ni mwalimu wa hesabu. Mama Wanja akasema, "Hata mimi ningeamini baba yangu." Akajipakulia sahani ya pili.

Haya yote yangeweza kungoja likizo, tukakaa mimi na wewe tukaongea. Yaliyoniharakisha ni ukuta. Mwakio alinitumia picha ya lile darasa jipya ambalo wanafunzi wako wa zamani wamelijenga, na mchoro wa yatakayoandikwa mbele: jina lako, na chini yake namba, na chini ya namba neno "Haigawanyiki". Alisema mchoraji ataanza wiki hii na watu watakusanyika Jumamosi ijayo. Nilitazama picha ile nikashindwa kumjibu mdogo wangu.

Niliandika barua mbili kabla ya hii nikazichana. Katika ya kwanza sikukuambia chochote. Nilijiambia, nani Voi atakaa chini agawe kwa elfu moja na tisa? Acha wakupigie makofi, umefundisha miaka mingi, umestahili. Kisha nikakumbuka watoto watakaokaa katika darasa hilo. Siku hizi kila nyumba ina simu. Atatokea mmoja, mwenye kichwa kama chako, atabonyeza, na atasimama mbele ya ukuta huo akijiuliza tulikuwa watu wa namna gani. Katika barua ya pili nilikuambia yote kwa mistari mitatu, kama mkaguzi wa shule. Nilipoisoma nilijichukia.

Nilikuwa nimefika hapa, Baba, hapa hapa kwenye neno "nilijichukia", simu ikalia. Ni Mwakio.

"Mzee amemrudisha mchoraji," akasema.

"Amemrudisha kwa nini?"

"Hasemi. Jina ameruhusu, lakini namba amesema isiandikwe. Amesema paachwe peupe kwanza. Watu wanaulizana kama ana hasira nao."

"Yuko wapi sasa?"

"Barazani. Tangu Ijumaa ameitisha lile daftari la zamani, na kuna daftari jipya amemtuma Mama dukani. Anagawa."

"Amefika wapi?"

"Sijui hizo habari zenu. Nilipopita alikuwa kwenye mia mbili na kitu. Ameanza upya na tatu."

Mama mwenye nyumba amepita dirishani akaniuliza kama nalia, nikamwambia ni moshi, naye akatazama jiko, halina moto.

Sasa nashindwa kuelewa ninachokuandikia. Nilianza barua hii ili nikupe habari mbaya, na huenda habari hiyo unayo tangu kabla sijazaliwa. Au huna, na ni ukuta tu uliokutia wasiwasi, ukaona heri uhakikishe kabla rangi haijakauka. Sitakuuliza ni lipi. Nilitaka sana kukuuliza, nilikuwa nimeshaandika swali lenyewe ukurasa wa nyuma, lakini sasa nimelifuta.

Umeanza upya na tatu, kwa miaka yako hiyo na macho hayo, wakati ungeweza kuruka mpaka pale ulipoachia. Mzee Ireri nikimwambia atafurahi. Ameniomba nikuulize, ukiwa na nafasi, kama unayo namba nyingine. Anasema hii imemwachia mikono mitupu, wateja wakiwa wachache hajui afanye nini.

Nisalimie Mama, na mwambie atumie miwani yake mwenyewe akipiga cherehani, aache kuazima yako. Msalimie Mwakio na mke wake Mkanjala, pole zake kwa jino. Msalimie shangazi Mghoi wa kwaya, na mjomba fundi wa baiskeli, na mama jirani anayetuwekea ufunguo. Wanafunzi wako wa zamani wakija kukuona, wape chai, na wakiuliza kuhusu ukuta, wewe ndiye utakayewajibu.

Kesho kuna basi la kupitia Nairobi ambalo lingekufikishia barua hii baada ya siku mbili. Nimehesabu. Kwa mwendo ulio nao utakuwa bado kwenye mia sita. Kwa hiyo kesho sitaituma. Nitaituma Alhamisi, na juu ya bahasha, pale kwenye nafasi ya jina lako, nitaandika kwa herufi kubwa: Baba, usifungue kabla hujapita 997.

Ni mimi binti yako,
Wakesho